Neno lilikuwemo, ila halikutafutika: yaliyonipata na herufi za Kichina kwenye kompyuta

Kijana wa dukani alichora herufi mbili kwa kidole kwenye simu, akasubiri, akafuta, akachora tena. Kisha akaniangalia.

"Dada, mlango wa gari haumo?"

Tulikuwa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la vipuri vya magari. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa amenilipa nusu ya pesa ili nimtengenezee orodha ya maneno ya Kichina na Kiswahili. Mzigo wake unatoka Guangzhou, na karatasi zinazokuja nao zimeandikwa Kichina kitupu. Alichotaka ni kitu rahisi: kijana akiona 车门 kwenye boksi, aandike, apate "mlango wa gari", aweke boksi mahali pake.

Nikamwambia haiwezekani usiwemo, nimeuingiza mwenyewe. Nikachukua simu, nikashuka kwa kidole mpaka mstari wa 412. Huu hapa, macho yangu yanauona: ⻋⻔, mlango wa gari. Nikarudi juu, nikaandika 车门 kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna kitu. Nikaandika tena. Hakuna.

Mama alikuwa akitusikiliza huku anahesabu risiti. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akasema, "kama hautafutiki, basi haumo."

Nilitoka pale na aibu ambayo sijaisahau. Orodha ile ilinichukua miezi minane ya usiku, baada ya kazi za mchana. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayekusanya maneno ya Kichina kwa Kiswahili, awe mwanafunzi anayejiandaa na HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, mfasiri wa karatasi za forodha au mwalimu anayetengeneza kitini. Kosa langu ni la kawaida sana, halionekani kwa macho, na linaweza kukaa kwenye kazi yako miaka bila wewe kujua.

Nianze na jinsi nilivyoijenga orodha. Nilikuwa na mafaili ya PDF: vitabu vya maelekezo ya magari, katalogi za vipuri, orodha za msamiati nilizobaki nazo tangu nasoma Kichina. Nilikuwa nanakili herufi kutoka PDF, nabandika kwenye jedwali, naandika Kiswahili pembeni. Kunakili kulionekana salama kuliko kuandika, kwa sababu ukiandika kwa kibodi unaweza kuchagua herufi isiyo yenyewe, wakati PDF imeandikwa na Wachina wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nilijaza zaidi ya mistari elfu tatu kwa njia hiyo.

Dalili zilikuwepo mapema. Ya kwanza ilikuja mwezi wa pili. Nilikuwa na programu ndogo inayosoma herufi na kuandika matamshi yake, ile pinyin, kwenye safu ya pembeni. Ilifanya kazi vizuri, ila hapa na pale iliacha pengo. Herufi ya maji, ambayo mtoto wa shule ya awali China anaijua, ikaachwa tupu. Ya mti ikaachwa. Ya mtu ikaachwa. Nikasema programu ni mbovu, nikajaza mapengo kwa mkono, shuǐ, mù, rén, nikaendelea. Hapo ndipo nilipolifukia tatizo kwa mikono yangu. Programu ilikuwa inaniambia ukweli: herufi hii siijui. Siku hizi programu ikishindwa na neno jepesi huku ikiweza magumu, naacha kazi zote nitafute sababu kwanza. Naomba na wewe ufanye hivyo.

Dalili ya pili ilikuwa ya macho. Kwenye baadhi ya mistari herufi moja ilionekana nene kidogo kuliko jirani yake, au imekaa juu kidogo, kana kwamba imetoka kwenye fonti nyingine. Niliona, nikapuuza.

Ya tatu ilinigharimu. Nilichapisha vijitabu 60 kwenye steshenari ya mtaani, kila kimoja shilingi 7,000, jumla 420,000. Nilipovifungua nyumbani nikakuta visanduku vitupu katikati ya maneno, vile vya mstatili vinavyotokea fonti isipokuwa na umbo la herufi. Nilirudi steshenari nikamlaumu kijana wa pale mbele ya wateja wake. Alinijibu kwa upole, "Dada, mimi nimechapa ulichonipa." Alikuwa na haki. Baadaye nilirudi kumwomba radhi, na ilikuwa ngumu kuliko kulipa zile pesa.

Siku ya tukio la Gerezani nilikwenda moja kwa moja kwa binamu yangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Hajui Kichina hata neno moja, na nadhani hilo ndilo lililosaidia. Mimi nikitazama herufi naona maana. Yeye aliona michoro tu, kwa hiyo hakuiamini. Akachukua mstari wa maji. Kwenye seli moja akabandika herufi ya kwenye orodha yangu, kwenye nyingine akaniambia niandike maji kwa kibodi. Kwenye skrini zilikuwa hivi:

⽔ 水

Mimi sikuona tofauti yoyote. Akaandika chini yake fomula ya jedwali inayoitwa UNICODE, ile inayotoa namba ya herufi. Ya kwanza ikatoa 12116. Ya pili ikatoa 27700.

Nilikaa kimya. Kwa kompyuta, zile zilikuwa herufi mbili zisizojuana kabisa, kama A na Z. Ni sawa na mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili akapewa namba mbili za NIDA. Sura ni ile ile, lakini benki haiangalii sura, inaangalia namba, na ukienda na namba ya pili utaambiwa huna akaunti.

Ili uelewe kwa nini maji yana namba mbili, lazima nieleze bushou. Neno lenyewe, 部首, maana yake ni kichwa cha fungu. Kichina hakina alfabeti ya kupangia kamusi, kwa hiyo waandishi wa kamusi walitafuta ndani ya kila herufi sehemu moja ya kuiwekea fungu. Mto 河, ziwa 湖 na bahari 海 zote zina vitone vitatu vya maji upande wa kushoto, kwa hiyo zote hukaa chini ya kichwa cha maji, 水. Sisi tuliokua na ngeli tunaweza kulishika jambo hili upesi: unaliona neno, unaona sehemu yake moja, unajua kwa wenzake ni wapi. Xu Shen, karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, alipanga kamusi yake kwa vichwa 540. Mwaka 1615 Mei Yingzuo akavipunguza hadi 214, na kamusi kubwa iliyoamriwa na mfalme Kangxi, iliyokamilika mwaka 1716 ikiwa na herufi zaidi ya 47,000, ikaufuata mpango huo wa 214. Ndiyo maana mpaka leo vinaitwa bushou za Kangxi.

Sasa tuje kwenye Unicode, ule mpango unaoipa kila herufi ya dunia namba yake. Herufi za Kichina za kawaida zilipewa eneo kubwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, linaloanzia U+4E00. Humo ndimo ilimo 水 ya kusoma na kuandika, kwa namba U+6C34, ambayo ni ile ile 27700 iliyoandikwa kwa heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita. Lakini kulikuwa na haja nyingine. Mtunga kamusi anapotaka kuonyesha kichwa cha fungu kama alama, si kama neno "maji", alitaka alama ya pekee. Na kiwango cha Taiwan cha herufi za kompyuta, CNS 11643, tayari kilikuwa na alama hizo pembeni ya herufi za kawaida. Ilibidi maandishi yaweze kuhama kutoka kiwango kile kwenda Unicode na kurudi bila kupoteza kitu. Kwa hiyo mwaka 1999, katika toleo la 3.0, Unicode iliongeza maeneo mawili: bushou 214 za Kangxi kuanzia U+2F00 hadi U+2FD5, na eneo la nyongeza kuanzia U+2E80, lenye maumbo mengine 115, yakiwemo ya ubavuni kama ⺡ na yaliyorahisishwa ya China bara kama ⻋ na ⻔.

Unicode yenyewe imeziweka bushou za Kangxi kwenye kundi la alama, hazimo kwenye kundi la herufi za maneno. Lengo lilikuwa wazi: hizi ni za kuonyesha fungu kwenye kamusi, usiandikie nazo sentensi. Mimi nilikuwa nimeandikia nazo orodha nzima ya vipuri.

Sikuziandika kwa kupenda. Zilitoka kwenye PDF. Jambo hili ndilo nililotamani mtu angeniambia siku ya kwanza. PDF inajali umbo na mahali pa kulichora kwenye ukurasa, na maneno yenyewe ni jambo la pili kwake. Fonti nyingi za Kichina, kwa kuokoa nafasi, zina umbo moja la maji linalotumika kwa namba zote mbili. Ukinakili, kompyuta inabidi irudi nyuma kutoka umbo kwenda namba, kwa kufuata jedwali lililowekwa ndani ya PDF na programu iliyoitengeneza. Umbo moja, namba mbili: programu inachagua moja. Zipo zinazochukua namba iliyo ndogo, na U+2F54 (ile 12116) ni ndogo kuliko U+6C34. Kwa hiyo ukurasa unasomeka safi kabisa, ukiuchapisha uko sawa, lakini ukinakili unatoka na alama ya kamusi badala ya neno.

Ugonjwa huu unachagua, na ndiyo sababu unachelewa kugundulika. Mto, ziwa na bahari kwenye orodha yangu vilikuwa vizima, maana 河, 湖 na 海 zenyewe si vichwa vya mafungu. Zilizoharibika ni zile ambazo ni herufi kamili na papo hapo ni bushou: mtu 人, kubwa 大, mti 木, mdomo 口, jua 日, mwezi 月, mkono 手, kazi 工, dhahabu 金. Ni maneno mepesi, yale yanayorudi kila ukurasa, ambayo hakuna mtu anayefikiria kuyakagua. Hata ukubwa wa faili haukusaliti, kwa sababu zote mbili zinachukua baiti tatu katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi maandishi ya Unicode.

Kama huna binamu wa programu, humhitaji. Kwenye jedwali weka =UNICODE(A1) pembeni ya seli yenye herufi moja. Ukipata namba kati ya 11904 na 12245, umeshika bushou. Herufi za kawaida zinaanzia 19968. Kwenye Microsoft Word ya kompyuta za Windows, weka kishale mara baada ya herufi, bonyeza Alt na X, namba itatokea kwa heksadesimali. Ikianza na 2E au 2F, ndiyo hiyo. Fanya hivyo kwa herufi kumi nyepesi kutoka kila PDF mpya kabla hujaanza kunakili kwa wingi. Inachukua dakika tano. Mimi sikuifanya, nikalipa kwa miezi.

Halafu likaja kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumrudia Mama.

Binamu aliniambia kuna njia rasmi ya kusawazisha maandishi, jina lake NFKC, na kwamba Python, lugha anayoandikia programu, inayo tayari. Ukiipitisha faili, kila bushou ya Kangxi inageuka kuwa herufi yake ya kawaida. Alinionya nisubiri aje tuangalie pamoja Jumamosi. Sikusubiri. Nikapitisha faili zima usiku ule ule. Nikatafuta 水, ikaja. 木, ikaja. Nililala nina furaha.

Asubuhi nikakuta orodha imevurugika. Faili langu lilikuwa la aina ile inayotenganisha seli kwa mkato. Mifano yangu ya Kichina ilikuwa na mkato wa Kichina, ule mpana ，, ambao kwa faili ni herufi kama nyingine tu. NFKC haisawazishi bushou peke yake. Inasawazisha kila alama ambayo Unicode imeipa kiungo rasmi cha kwenda kwenye alama nyingine. Mkato mpana uliugeuza kuwa mkato wa kawaida, na faili likausoma kama mpaka wa seli. Mamia ya mistari ilisogea: nusu ya mfano ikaingia kwenye safu ya Kiswahili, Kiswahili kikasogea kwenye safu ya maelezo.

Lakini seli zilizosogea zinaonekana, utazirudisha. Kilichonitisha ni kingine. Kwenye maelekezo ya kufunga vipuri nilikuwa na hatua zenye namba ndani ya duara. NFKC huugeuza ③ kuwa 3 ya kawaida. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa ③5 mm, yaani hatua ya tatu, milimita 5. Sasa ulisomeka 35 mm. Seli iko mahali pake, imenyooka, na ni uongo. Fundi angeweza kuufuata. Mikono iliishiwa nguvu nilipouona, kwa sababu niliuona kwa bahati tu. Nilikuwa napita kutafuta mikato. Vilevile cm³ ilikuwa cm3 kila mahali.

Nakala rudufu niliyokuwa nayo ilikuwa ya siku tatu nyuma, na nilipoteza kazi ya siku tatu hizo. Kwa hiyo, kabla hujagusa faili, weka nakala yake pembeni, na usiruhusu usawazishaji wa jumla upite kwenye kitu chenye vipimo, namba za hatua au alama za uakifishaji. Kwa kutafutia, NFKC ni chombo kizuri: unasawazisha neno la mtafutaji na nakala ya siri ya orodha, vinakutana huko ndani, na orodha yenyewe inabaki kama ilivyo. Kwa kuandika juu ya kazi yako ya pekee, hapana.

Jumamosi binamu alikuja. Alinikuta nimekata tamaa, akaniambia, "Dada, tuanze na kile alichouliza yule kijana." Tukachukua nakala ya zamani, tukaipitisha NFKC pembeni, tukatafuta 车门.

Hakuna.

Mpaka leo nikikumbuka pale nashukuru kwamba tulijaribu neno lile lile la Gerezani. Ningemrudia Mama nikiwa na uhakika na maji na mti, na mlango wa gari ungeniaibisha mara ya pili. Sababu yake ni hii: bushou zote 214 za Kangxi zina kiungo rasmi cha kwenda kwenye herufi ya kawaida, kwa hiyo NFKC inazigeuza. Eneo la nyongeza ni tofauti. Katika maumbo yake 115, ni mawili tu yenye kiungo hicho, mojawapo ikiwa herufi ya mama, ⺟. Mengine yote yanapita kwenye NFKC bila kuguswa. Na ni humo ndimo walimojaa marafiki zangu wa vipuri: gari ⻋ (11979, wakati ya kawaida 车 ni 36710), mlango ⻔ (11988, ya kawaida 门 ni 38376), upepo ⻛ unaoanza neno la feni 风扇, ndefu ⻓, ukurasa ⻚, farasi ⻢, samaki ⻥. Mtu wa herufi za asili kama za Taiwan huenda asikutane na haya sana. Anayeandika kwa herufi zilizorahisishwa za China bara, atakutana nayo kila siku.

Dawa ipo, na ni ya bure. Unicode yenyewe, tangu toleo la 11 la mwaka 2018, inatoa faili la data liitwalo EquivalentUnifiedIdeograph.txt, linalosema bushou hii inalingana na herufi ipi ya kawaida, kwa maeneo yote mawili. Binamu aliandika programu fupi: isome orodha, ikikuta namba iliyo ndani ya maeneo yale mawili, ibadilishe kwa kufuata faili hilo, na kitu kingine chochote isikiguse. Mkato mpana ukabaki mpana. ③ ikabaki kwenye duara lake. Na kila ilipobadilisha, iliandika mstari pembeni: namba ya mstari, herufi ya zamani, herufi mpya. Nilisisitiza hilo. Nilitaka kuona kila kilichoguswa, nikapitia yote kwa jicho kwa jioni mbili. Mistari iliyokuwa na ugonjwa ilizidi mia sita.

Nilifikiri tumemaliza. Kumbe ugonjwa kama ule ule ulikuwa pia upande wa Kiswahili, na huu ndio ulioniuma zaidi, maana Kiswahili ni changu.

Kwenye orodha kulikuwa na viti vya gari vya ngozi. Kichina ni 牛皮, ng'ombe na ngozi, herufi mbili, zote mbili ni bushou, zote mbili zilikuwa zimeharibika. Hilo tulishalitibu. Nikajaribu kutafuta kwa Kiswahili: ng'ombe. Hakuna. Mstari uko pale, "ngozi ya ng’ombe", naona. Tukaweka UNICODE kwenye ile alama ya ng'. Kwenye orodha ilikuwa 8217, ile iliyopinda, ambayo programu ya kuandikia iliiweka yenyewe bila kuniuliza. Ya kibodi ya simu yangu ni 39, iliyonyooka. Kwa hiyo mstari ule mmoja ulikuwa haupatikani kutoka upande wowote. Ng'oa, ng'arisha, ng'ang'ania, yote hivyo hivyo, mengine na alama hii, mengine na ile, kutegemea niliandikia wapi. NFKC haigusi hilo hata kidogo. Kila anayetengeneza kamusi ya Kiswahili aamue mapema atumie alama ipi kwenye ng', na programu yake ya kutafuta ikubali zote. Sisi tulichagua iliyonyooka, kwa sababu ndiyo watu walionayo kwenye simu.

Na kama kuna msomaji anayenakili tenzi za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, achunguze pia. Herufi ya be ina namba yake moja ya kawaida, U+0628, lakini Unicode ina namba nyingine nne kwa maumbo yake ya mwanzo, kati, mwisho na peke yake, kuanzia U+FE8F. PDF huzitoa hizo vilevile unaponakili. Utaona "bismillahi" nzuri kabisa isiyotafutika.

Jambo moja lilibaki la kuamua. Mwishoni mwa kijitabu nilikuwa na ukurasa wa bushou wenyewe, ili kijana asiyejua matamshi aweze kutafuta kwa kichwa cha fungu. Hapo, kwa kanuni, ndipo mahali halali pa alama za Kangxi. Binamu alisema tuziache. Mimi nilikataa. Watu wananakili kutoka kwenye ukurasa ule, wanabandika kwenye kisanduku cha kutafuta, na ningekuwa nawapa funguo zisizofungua. Tukaweka 水 ya kawaida na vitone 氵 vya kawaida, U+6C35, ambavyo navyo vimo kwenye eneo kubwa. Na steshenari ingeweza kuvichapa bila visanduku.

Vijitabu nilichapisha upya, pale pale, kwa pesa yangu. Safari hii nilimpa kijana ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, wenye herufi zote zilizokuwa zikisumbua, tukaukagua pamoja kwenye mwanga kabla hajachapa mengine.

Gerezani nilirudi baada ya wiki tatu. Nilimwamkia Mama, nikampa kijana simu bila maelezo. Alichora 车门. Mlango wa gari. Akachora 风扇. Feni. Akaenda kwenye boksi lililokuwa limekaa kona tangu siku ile, akasoma ubavuni mwake, akachora, akapata, akaliinua kulipeleka mahali pake.

Mama aliweka risiti chini, akaichukua simu yeye mwenyewe. Kichina hajui. Akaandika kwa Kiswahili, herufi moja moja, kwa kidole cha shahada: ng'ombe. Ukaja mstari mmoja: 牛皮, ngozi ya ng'ombe, viti.

"Huu sasa umo," akasema, akavuta droo ya pesa.